Uzi, Jalidi na Mvua: Kufundisha Tabianchi kwa Kazi ya Mikono

Mada kwa wakazi wa kata za Njombe na Makambako



Kila mwaka, mwezi Juni ukiingia na Julai ukifuata, swali moja husikika kuanzia stendi ya Njombe hadi sokoni Makambako: kama kweli dunia inapata joto, mbona nyasi za mabondeni huamka nyeupe? Ni swali la haki. Mkulima aliyeona viazi vyake vimebabuka kwa jalidi alfajiri moja, akaambiwa mchana wa siku hiyo hiyo kwenye redio kwamba tatizo la dunia ni joto, ana kila sababu ya kumtilia shaka msemaji. Na shaka hiyo ina gharama yake, kwani asiyeamini maelezo ya tabianchi hatasikiliza pia utabiri wa msimu, wala ushauri wa ofisa ugani juu ya siku ya kupanda na mbegu ya kuchagua. Mada hii inahusu njia moja ya kulijibu swali hilo kwa kitu ambacho nyumba nyingi za Njombe zinacho tayari: uzi, sindano na sweta.

Jibu lenyewe laweza kuanza na blanketi. Usiku wa Juni mbingu huwa haina wingu. Ardhi iliyochomwa na jua mchana kutwa huanza kupoteza joto lake kuelekea juu, na kwa kuwa hakuna wingu la kulirudisha chini, joto hilo hutoweka. Hewa iliyopoa ni nzito, nayo huteremka polepole kama maji na kutua mabondeni. Ndiyo sababu kiazi cha kwenye kinyungu huungua wakati parachichi la mteremkoni, hatua mia mbili tu juu yake, limenusurika. Usiku wenye mawingu hauna jalidi kwa sababu wingu limefanya kazi ya blanketi.

Sasa, hewa ya kabonidioksaidi hufanya kazi inayofanana na ya wingu hilo, ila yenyewe haionekani kwa macho na haiondoki asubuhi. Kabla ya viwanda vya makaa ya mawe kuenea Ulaya, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo takribani 280 za gesi hiyo. Vipimo vilivyoanza mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, Hawaii, vimefuatilia kupanda kwake mwaka hadi mwaka, na leo zimepita 420. Blanketi la dunia limeongezwa unene. Mtu aliyejifunika blanketi la pili hajaufuta usiku wa kipupwe. Kilichobadilika ni kiasi cha joto kinachomtoka. Jalidi bado itakuja Njombe, na huenda ikaja kali mwaka mmoja kuliko mwingine, huku wastani wa joto la dunia ukiendelea kupanda. Mambo hayo mawili hayapingani.

Darasani jambo hili laweza kuonyeshwa kwa kipindi kimoja. Vichukuliwe vikombe vitatu vya bati vinavyolingana. Viwili vijazwe maji ya moto, kimoja kati yake kifungwe ndani ya sweta, kingine kiachwe wazi. Cha tatu kijazwe maji ambayo yamekaa darasani tangu jana, nacho kifungwe ndani ya sweta la pili. Kila baada ya dakika tano wanafunzi wasome kipimajoto na kuandika. Kikombe cha moto kilichovikwa kitapoa polepole kuliko kilichoachwa wazi. Lakini kikombe cha tatu ndicho chenye somo kubwa zaidi, maana hakitapata joto hata kidogo. Sweta halina moto ndani yake. Linachelewesha tu joto lililopo lisitoke, na joto la dunia hutoka kwa jua. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatahitaji kukariri maana ya gesijoto kwa ajili ya mtihani.

Hadi hapa uzi umetumika kama chombo cha jaribio. Matumizi yake ya pili, nayo ndiyo kiini cha mada hii, ni kuufanya uwe daftari.

Mwaka 2017 Ellie Highwood, mwanasayansi wa tabianchi katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alifuma blanketi kwa kulabu. Kila mstari wa blanketi hilo ulisimamia mwaka mmoja, na rangi ya uzi ilichaguliwa kulingana na joto la dunia la mwaka huo, likilinganishwa na wastani: rangi za baridi kwa miaka ya baridi, rangi za moto kwa miaka ya joto. Mwaka uliofuata mwenzake wa chuo hicho hicho, Ed Hawkins, alitoa michoro ya michirizi ya buluu na nyekundu ambayo imesambaa duniani kote, haina namba wala maneno, bali rangi peke yake kutoka kushoto kwenda kulia. Michoro kama hiyo imetolewa kwa nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Yafaa kukumbuka kwamba blanketi lilitangulia mchoro. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, watu walianza mwaka 2017 kufuma vitambaa vya ukutani ambamo kila mstari ni siku moja na kila kitambaa ni mwaka mmoja wa mahali fulani. Kabla yao, mwaka 2005, mapacha Margaret na Christine Wertheim, wazaliwa wa Australia waishio Los Angeles, walianzisha kazi ya kufuma matumbawe kwa uzi ili kueleza yanayoipata miamba ya baharini. Wakazi wa Mafia na Unguja wanalijua jambo hilo bila kufumiwa, maana mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi matumbawe yao mengi yalipauka na kufa.

Wengine wataona hii ni michezo ya watu wenye nafasi. Lakini Waswahili hawajaanza leo kuipa nguo kazi ya kusema. Khanga ina jina lake, na aliyevaa khanga amekwisha kutoa kauli kabla hajafungua kinywa. Vikapu vya milulu vya nyanda hizi husomwa na mfumaji mwenzake: mkono uliovisuka, aina ya majani, hata haraka iliyokuwapo. Na hapa Njombe kufuma sweta ni kazi ya riziki, si pambo. Baridi imewafanya mafundi wa hapa kuwa hodari kwa mashine na kwa sindano, na mtoto wa shule hawezi kuvuka Julai bila sweta. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni kuuunganisha na kipimo.

Kwa Njombe na Makambako kitambaa chenye manufaa ya kwanza si cha joto, ni cha mvua. Nyanda hizi hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na kosa la mwezi mmoja mwanzoni halina msimu wa vuli wala wa masika wa kulisahihisha. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili kuna siku 181, au 182 katika mwaka mrefu. Siku moja ni mstari mmoja. Kwa uzi wa kawaida wa sweta, mistari hiyo hufikia urefu wa sentimita 60 hadi 70, yaani kitambaa kinachotosha kuning'inizwa kwenye mlango wa darasa. Rangi tano zinatosha: rangi ya majani makavu kwa siku isiyo na mvua, buluu iliyopauka kwa mvua isiyozidi milimita 5, buluu ya kati hadi milimita 20, buluu iliyokolea hadi milimita 50, na zambarau kwa mvua inayopita hapo. Mipaka hii ikishawekwa isibadilishwe, la sivyo kitambaa cha mwaka huu hakitalinganishwa na cha mwaka ujao.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, kilichowekwa mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, hupokea mvua kwa kimo kile kile ambacho ardhi imepokea. Kipima mvua cha dukani ni bora kwa sababu hukifanya kiasi kidogo kisomeke vizuri. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husoma, kisha kimwagwe. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo bati la darasa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 hupokea lita 1,260 katika mvua ya milimita 20. Wanafunzi wakilifanya hesabu hilo wataanza kuuliza maji hayo yanakwenda wapi, na huo ni mjadala ambao kamati ya shule yapaswa kuwa tayari kuujibu.

Kitambaa kinaonyesha nini ambacho daftari halionyeshi? Chukuliwe mfano wa misimu miwili, yote ikiwa na jumla ya milimita 1,000. Katika karatasi ya takwimu misimu hiyo ni sawa, na mtu wa mjini atasema mvua ilikuwa ya kutosha mara zote mbili. Kwenye uzi, mmoja una buluu ya kati iliyotawanyika kutoka mwanzo hadi mwisho. Wa pili una mikanda mitano minene ya zambarau, na kati yake sehemu ndefu za rangi ya majani makavu. Msimu wa kwanza umejaza ghala. Wa pili umebomoa madaraja, umechukua udongo wa juu, na kuyaacha mahindi yakinyauka wakati wa kutoa mbelewele. Jumla ni ile ile. Mama asiyejua kusoma atauona mkasa huo akiwa bado mlangoni.

Kwa nini mikanda minene itarajiwe kuongezeka? Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi: kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, uwezo wake huongezeka kwa takribani asilimia 7. Inapofika wakati wa kunyesha, mzigo uliobebwa ni mkubwa zaidi. Na ardhi iliyo kati ya mvua na mvua hukauka upesi zaidi, kwa kuwa hewa hiyo hiyo inayanyonya maji yake.

Kuna jambo jingine linaloonekana haraka kwenye kitambaa: mvua ya uongo. Mistari mitatu minne ya buluu mwanzoni mwa Novemba, kisha kumi na sita ya majani makavu, kisha mvua yenyewe. Mkulima aliyepanda kwa mistari ile ya kwanza amepoteza mbegu na mbolea ya kupandia, na mara nyingi hana fedha ya kununua tena. Kitambaa kimoja hakiwezi kumwambia ni lini mvua ya mwaka ujao itaanza. Lakini vitambaa sita, vinane, vikining'inizwa pamoja ukutani, huonyesha ni mara ngapi mvua ya Novemba imedanganya katika kijiji hicho hicho, na mtu anayeviona hivyo husikiliza utabiri wa msimu kwa sikio jingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri huo kabla ya mvua kuanza, ukitumia maneno “juu ya wastani”, “wastani” na “chini ya wastani”. Wengi huyasikia maneno hayo bila kujua wastani ni upi. Ukuta wa vitambaa huwapa wastani wa kushika mkononi.

Makambako na Njombe zina faida ambayo wilaya nyingi hazina. Miji hii miwili imetenganishwa na kilomita zipatazo 60 za barabara, lakini Njombe iko karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia, iko chini zaidi kwa takribani mita 300. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo tofauti ya karibu nyuzi mbili kati ya miji hii ni ya kutarajiwa. Shule moja ya Makambako na moja ya Njombe zikifuma vitambaa vya joto kwa rangi zile zile, kisha zikabadilishana, mtoto wa Njombe atashika mkononi hewa inayofanana na ile ambayo mji wake ungekuwa nayo iwapo joto lingepanda kwa nyuzi mbili. Wastani wa joto la dunia katika mwaka 2024 ulikadiriwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuwa takribani nyuzi 1.55 juu ya ule wa miaka ya 1850 hadi 1900. Watu husikia “nyuzi moja na nusu” wakacheka, kwani ni kiasi kidogo mno hata cha kumvua mtu koti. Waambiwe basi kwamba inakaribia tofauti iliyopo kati ya shamba la Njombe na shamba la Makambako, kisha waulizwe kama mazao, wadudu na tarehe za kupanda ni sawa pande zote mbili.

Kulinganisha huko kusichukuliwe kupita kiasi. Makambako inatofautiana na Njombe kwa mvua na udongo pia, wala si kila kitu kinachotofautiana ni kwa sababu ya joto. Na hapa yafaa kusemwa wazi mipaka ya kazi yenyewe. Mwaka mmoja ni hali ya hewa, si tabianchi. Wataalamu hutumia miaka 30 kupata wastani, na ule unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Shule iliyoanza kufuma mwaka jana haijagundua mabadiliko ya tabianchi, imeanza kuweka kumbukumbu. Tena rangi zaweza kudanganya: mfumaji akiweka nyekundu kuanzia kiwango cha chini, kitambaa chote kitawaka moto na kuwatisha watu bila sababu. Ndiyo maana mipaka ya rangi iamuliwe kabla ya msimu, iandikwe, na kushonwa nyuma ya kitambaa pamoja na jina la shule na mwaka. Mwalimu anayetaka picha ya muda mrefu aombe takwimu za kituo cha karibu kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, asizitunge.

Swali la gharama huulizwa mapema, nalo halina uzito unaodhaniwa. Uzi mpya hauhitajiki. Mafundi wa masweta hubakiwa na mafungu madogo yasiyotosha hata mkono wa sweta, na masweta ya mtumba yaliyotoboka viwiko hufumuliwa yakatoa uzi mzuri kuliko wa dukani. Sindano zaweza kuchongwa kwa mianzi. Walimu wa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 wanalo somo la Jiografia na Mazingira na somo la Sanaa na Michezo, na kazi hii inayagusa yote mawili, bila kutaja Hisabati, bila kuongeza kipindi. Wavulana wafume pia. Kinachohitaji fedha kidogo ni kipima mvua na kipimajoto, na kamati za shule zimekwisha kununua vitu vya bei kubwa zaidi visivyotumika kila siku.

Kwa upande wa vikundi, upo mlango ambao haujatumiwa ipasavyo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ufumaji kilichosajiliwa kinaweza kuomba kwa ajili ya mashine na uzi wa biashara yake ya masweta, kupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kitambaa cha mvua hakitalipa mkopo. Sweta ndilo litakalolipa. Lakini fundi ambaye tayari anafuma kila siku ndiye mtu anayefaa kuwafundisha watoto wa shule ya jirani mara moja kwa wiki, na mabaki yake ndiyo uzi wao. Makubaliano ya namna hiyo kati ya kikundi na shule yanahitaji karatasi moja na sahihi mbili.

Wazee nao wasisahauliwe katika ufumaji huu. Wapo wanaokumbuka ni mito ipi ilikuwa haivukiki kwa miguu mwezi Machi, na mabonde yapi yalikuwa na maji Oktoba. Kumbukumbu hizo si vipimo, na zisifumwe kama vipimo. Zaweza kufumwa kwa uzi tofauti pembeni, au kusimuliwa wakati kitambaa kinaning'inizwa, ili mtoto asikie mahali ambapo simulizi na kipimo vinaafikiana, na mahali ambapo havikubaliani. Kutokubaliana huko nako ni somo zuri.

Shule zitakazoanza msimu ujao zitakutana na kikwazo kimoja ambacho ni vema kukitatua mapema. Mvua huanza Novemba, na Desemba shule hufungwa. Katika wiki hizo, ambazo ndizo mkulima anazozihitaji zaidi kwenye kumbukumbu, kipima mvua hubaki peke yake uwanjani. Njia iliyo rahisi ni kuwateua mapema wanafunzi wawili waishio karibu na shule, pamoja na mlinzi, kila mmoja akiwa na zamu yake na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Wakirudi Januari, mistari ya Desemba hufumwa kutoka kwenye daftari hilo. Siku ambayo hakuna aliyesoma isijazwe kwa kukisia wala kwa kuuliza majirani. Ifumwe kwa uzi mweusi, na mstari huo mweusi uachwe hapo.